Siku ya Posa Ngamiani

Dada yangu alipoposwa, wajumbe tuliwapokea nyumbani Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Mshenga alikuwa mzee wa Kisukuma aliyeingia Tanga ujanani, enzi za manamba, kukata mkonge. Baada ya salamu akasema, "Tumekuja kuzungumza mahali, na pete ya zahabu."

"Mahali gani?" binamu yangu mmoja akauliza nyuma ya pazia, na wenzake wakaangua kicheko. Mzee akaweka chini glasi ya sharubati bila kuinywa. Iliniuma sana. Kisukuma hakina r, na ulimi uliolelewa na l huifuata popote uendako. Hiyo dh nayo, wengi wetu pwani tuliinyoosha chuoni, kwa Kurani na bakora.

Bibi alikuwa mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Tanga. Mpaka anakufa, nchi kwake ilikuwa nti.

"Ndooni hapa," akawaita binamu zangu. Akawaamuru waweke viganja mbele ya midomo. "Semeni paa la nyumba. Haya, paa wa mwituni."

Wakayatamka yote mawili sawasawa. Bibi akamshika mkono yule aliyeanza kucheka, akausogeza karibu na midomo yake. Paa la nyumba likatoka kavu. Paa wa mwituni akatoka na pumzi iliyompiga kiganjani, akashtuka. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini.

"Hii hamunayo tena," Bibi akasema. "Basi mwenzenu akikosa r, kelele za nini?"

Tahajia yetu haiionyeshi pumzi ile. Mwaka 1928, tena Mombasa kwenyewe, kikao kiliamua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita cha akina Bibi, lahaja ya Mombasa, kikabaki majumbani na kwenye mashairi. Sijaacha kukisikitikia.

Mzee naye akanyoosha kiganja, akaomba Bibi arudie. Uso ukamchangamka. Akasema kwao pia pumzi ina kazi, akamfundisha mhola, salamu yao, ambayo m yake hutoka na pumzi puani. Bibi aliipata mara ya pili. Binamu zangu wakahangaika nayo mpaka chai ikaletwa, kisha mahari ikazungumzwa, na safari hii mzee alisema mpaka akamaliza, hakuna aliyemkatiza.