Barabara kuu isiyo na gari hata moja

Jamani, leo nimemaliza barabara kuu nzima ya jimbo kwa baiskeli ya kukodi! Msinipigie makofi bado, ina kilomita kama 13 tu.

Inaitwa M-185, iko kisiwa cha Mackinac huku jimbo la Michigan, Marekani (tamka "Makino", mimi nilichekwa kwenye boti). Inazunguka kisiwa na kurudi pale pale ilipoanzia. Magari yalipigwa marufuku mjini tangu 1898, eti yanatisha farasi, na marufuku hiyo haijaondoka. Mwaka 1933 jimbo likaiingiza kwenye orodha ya barabara zake kuu, lakini ukiacha ambulensi na zimamoto, ni baiskeli, farasi na miguu yako. Kwa hiyo unayokwepa si matatu, ni kinyesi cha farasi. Nimekwepa sana. Kimoja hakikukwepeka.

Nilianzia mjini kuelekea mashariki, Ziwa Huron kulia, majabali kushoto. Ukifika Arch Rock inua kichwa: tao la mwamba limening'inia juu huko, unaona mbingu katikati yake.

Upande wa pili nikapumzika British Landing. Julai 1812 Waingereza na washirika wao wenyeji walishuka hapo usiku, wakakokota mzinga hadi kwenye kilima kinachoitazama ngome ya Wamarekani kutoka juu. Wanajeshi wa Marekani ndani hawakuwa hata na habari kwamba vita vimetangazwa! Wakasalimu amri bila kupigana.

Sasa hivi nimekaa bandarini nangoja boti. Magoti yananiuliza maswali.