Siku Wazulu Walipofufuka Bombambili

Tarehe 27 Februari binti wa dada yangu alinitumia picha kutoka Songea: wazee wamevaa ngozi, mikuki juu, ngao za ngozi ya ng'ombe mkononi, na nyuma yao viti vya plastiki vya wageni rasmi. Ndiyo siku ya kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa pale mwaka 1906. Chini ya picha kaandika: "Anko, hizi ngao si kama za kwenye ile sinema yenu?"

Nani kamsimulia ile sinema, nadhani najua. Ni mama yake, ambaye siku ile alizuiwa kuingia kwa sababu ni msichana, na hadi leo hajatusamehe.

Sinema yenyewe ni Zulu, ya mwaka 1964, Michael Caine bado kijana kabisa. Askari wa Kiingereza mia na ushee wamejibanza nyuma ya magunia ya mahindi pale Rorke's Drift, Afrika Kusini, Januari 1879, na Wazulu elfu tatu na zaidi wamewazunguka. Sisi tuliiona miaka ya tisini kwenye banda la video mtaani Bombambili, Songea. Runinga ya chogo, deki moja, mabenchi ya mbao, turubai dirishani kuzuia mwanga. Kanda ilikuwa imechoka, mistari myeupe inapita kwenye nyuso za watu. Kiingereza hakuna aliyekifuata, na wala hatukukihitaji.

Aliyenilipia ni Mjomba. Vita vya Kagera vilimrudisha na tabia moja: sinema ya vita aliitazama kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake. Akiona SMG anakwambia ni ya Mchina au ya Mrusi. Siku ile alikutana na kitu kigeni, akasogea hadi ukingo wa benchi.

"Risasi moja moja hiyo," akaninong'oneza, na Mjomba akinong'ona banda zima linasikia. "Tazama huo mkono chini ya triga. Anaushusha, ganda linaruka, anatia nyingine, anaupandisha. Na hiyo wakiipiga mfululizo itachemka, ganda ling'ang'anie humo humo."

Hakuwa amewahi kuigusa. Alikuwa anasoma tu namna chuma kinavyokwenda. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba ni Martini-Henry, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1871, na kwamba ugonjwa wake katika mapigano marefu ulikuwa ndio huo huo.

Alipokwama ni kwenye bastola za maofisa. "Hapana," akasema, safari hii bila hata kujifanya ananong'ona. "Hiyo nimeiona kiunoni mwa inspekta mzungu wakati nachunga ng'ombe. Babu yake naye alikuwa nayo?" Watu wakamzomea anyamaze. Ila alikuwa sahihi: zile ni Webley Mark VI, za mwaka 1915. Watengenezaji wa sinema waliwapa watu wa 1879 bastola ambazo zingetengenezwa miaka 36 baadaye, na banda zima la Bombambili aliyeshtuka ni mmoja.

Sasa, Songea si mahali pa kutazamia sinema ile bila upande. Wangoni ni watu waliotoka huko huko kusini, wakimkimbia Shaka, wakavuka Zambezi mwaka 1835. Darasani kwetu tulikuwa na akina Gama, akina Tawete, akina Mbano. Kwa hiyo Wazulu walipotokea juu ya kilima, mstari mrefu usioisha, wakigonga ngao kwa mikuki, banda lilisimama. "Hao! Hao ndugu zetu!" Kila mkuki uliompata mtu ulishangiliwa kama goli la timu ya Majimaji.

Hapo katikati napitisha haraka. Hospitali inaungua, watu wanatoboa kuta, usiku unaingia, unakucha.

Kisha ikaja ile sehemu. Waingereza wamebaki wachache, wamejipanga safu tatu. Wazulu wanashuka mbio. Safu ya kwanza inapiga, ya pili inapiga, ya tatu inapiga, na ya kwanza imekwisha jaza. Ofisa anaita amri kwa sauti ya mtu anayesoma mahudhurio. Mikono ile ya chini inashuka na kupanda pamoja, chaka, chaka, na moshi unajaa mpaka huoni kitu. Amri inakoma. Moshi unapopungua, miili imelaliana hadi miguuni pa askari.

Banda likawa kimya. Kimya hicho hakikufika mbali, maana mbele, walikokaa watoto, ikaanza: "Rudisha! Rudisha!" Ulikuwa utaratibu wa pale, pigano tamu lilirudishwa. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele, koo langu nalikumbuka. Tulitaka kusikia tena ule mpigo.

Mwenye deki akabonyeza.

Kanda ikaanza kurudi nyuma, picha ikiwaka bila sauti. Moshi ukatoka hewani ukaingia kwenye mitutu. Maganda yakaruka kutoka chini yakajitia ndani ya bunduki. Na wale Wazulu wakaanza kuinuka. Aliyelala kifudifudi alisimama kwa mgongo, ngao ikamrukia mkononi, akaondoka mbio kinyumenyume bila kugeuza shingo. Wakainuka wawili wawili, kumi kumi, chungu nzima ikajifumua, kila mtu akapokea mkuki wake kutoka ardhini, wakapanda kilima chao wote, wazima.

"Ehe!" akasema Mjomba. "Sasa maji yamekubali. Kinjeketile alikosa rimoti tu."

Watu walicheka hadi benchi moja likaanguka. Hata wadogo tulielewa. Hakuna mtoto wa Songea asiyejua habari ya maji yaliyotakiwa kugeuza risasi za Mjerumani ziwe maji. Mzee mmoja karibu na mlango, kofia mapajani, hakucheka. Akasema, "Basi waache hapo hapo juu."

Mwenye deki hakumsikia, au alimsikia. Akabonyeza tena. Wakashuka.

Tulipodai mara ya tatu tulikataliwa, eti kichwa cha deki kitaharibika.

Nimeisoma sana habari ile tangu hapo, pengine kupita kiasi. Ule mpigo wa asubuhi haukuwahi kutokea. Mapigano halisi yalififia usiku wa manane; kulipokucha Wazulu walionekana kilimani, wakaondoka zao. Wala hawakuwaimbia Waingereza saluti ya kuagana. Bunduki zao nyingi zilikuwa magobori ya zamani, si zile mpya zilizotekwa kwenye vita vya Isandlwana kama sinema inavyodai. Aliyeigiza mfalme wa Wazulu, Cetshwayo, ni Mangosuthu Buthelezi, kitukuu wa mfalme mwenyewe upande wa mama. Na huko Afrika Kusini ilikochezwa, Waafrika walipigwa marufuku kuitazama, isipokuwa maonyesho machache kwa waliocheza humo. Serikali ya makaburu iliogopa wakiona mkuki ukimwingia mzungu watapata mawazo. Nikifikiria sisi watoto wa mbele pale Bombambili na mawazo tuliyoyapata, nashindwa nicheke vipi.

Maana kesho yake kila mtoto wa mtaa alitaka Martini. Ngao tulizikata kwenye maboksi ya sabuni, zikakosa wa kuzibeba. Na aliyetuchongea bunduki ni Mjomba mwenyewe, yule wa maji yamekubali. Kipande cha mbao, waya mnene uliopindwa, mpira wa ndani wa baiskeli. Ukishusha ule mkono wa chini punje ya muhindi inaruka nyuma. Mkewe alimuuliza kama hana kazi. Mjomba ndiye aliyepanga zamu za nani awe Mzulu, na alizisimamia kwa ukali. Bunduki yenyewe, baada ya kuimaliza, sikumwona akiishika.

Nilimuuliza kwa nini basi aliichonga. Akasema ule mkono ulimnyima usingizi, alitaka kujua unakwendaje. Halafu akaniambia nimshikie kurunzi vizuri, kwa sababu ya pili ilikuwa inagoma kufunguka.