Handaki la WireGuard lililokuwa linagoma umeme ukirudi

Limekubali. Nachomoa umeme wa Raspberry Pi, kompyuta yangu ndogo ya nyumbani, naiacha imezimika muda wa kutosha, nachomeka, na handaki la WireGuard (njia iliyofungwa kwa funguo kati ya mashine mbili) linarudi lenyewe bila mtu kugusa seva. Wakuu wenye Pi nyuma ya laini ya simu, na umeme wa kukatikakatika kama wa huku kwetu Tanga, hii inawahusu.

Mpangilio kwa kifupi. Pi 4 iko nyumbani, imebeba tovuti, picha na kalenda, vitu ambavyo sitaki viishi kwenye akaunti inayoweza kufungwa na mtu nisiyemjua. Ruta ya 4G inapewa anwani ya ndani ya mtandao wa simu, zile za 100.64.0.0/10 zisizofikika kutoka intaneti, kwa hiyo kufungua mlango kwenye ruta hakusaidii chochote. Njia ni seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma, na WireGuard kati yake na Pi. Seva haigusi HTTPS; nftables (kichujio cha pakiti cha Linux) inasukuma trafiki ya mlango 443 hadi nyumbani, na Caddy, seva ya wavuti iliyo kwenye Pi, ndiyo yenye vyeti na funguo. Ila msijidanganye kwamba hapo mmemaliza: atakayeishika seva hiyo anaweza kujiombea cheti kipya kwa jina lenu, maana trafiki yote ya uthibitisho inapita kwake. Ndiyo maana rekodi ya CAA ya domeni (rekodi ya DNS inayosema nani aruhusiwe kutoa cheti) nimeibana kwa `accounturi`, ili Let's Encrypt, watoa vyeti wangu, watoe cheti kwa akaunti moja tu ya ACME, itifaki ya kuombea vyeti. DNS nayo ikae kwingine, isikae kwenye seva hiyohiyo.

Ili Caddy ione anwani halisi za wageni, hakuna masquerade, yaani seva haibadilishi anwani ya mgeni iwe yake. Majibu lazima yarudi kupitia handaki, hivyo upande wa Pi `AllowedIPs = 0.0.0.0/0`, yaani trafiki yote ya Pi ipite kwenye handaki. Mstari huo ndio mzizi wa yote yanayofuata.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Umeme unakatika, unarudi, Pi inawaka vizuri, ruta ina intaneti, lakini handaki limekufa. `wg show` kwenye Pi inaonyesha data iliyotumwa inapanda, iliyopokelewa ni 0 B. Ukiwasha upya wg0, yaani handaki lenyewe, kwenye Pi, hakuna kitu. Ukiiwasha upya kwenye seva, linafufuka papo hapo. Na ukiliacha bila kugusa, linafufuka lenyewe ndani ya saa moja, mara nyingine dakika tano, mara nyingine hamsini. Hapo ndipo mtu anaanza kuilaumu laini ya simu.

Laini haina kosa, na tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinazopita, inathibitisha. Kwenye seva:

`tcpdump -ni eth0 udp port 51820`

Pakiti za baiti 148 zinafika kila baada ya sekunde tano hivi. Hizo ni za Pi kuomba kufungua mazungumzo. Jibu linatakiwa liwe pakiti ya baiti 92, na halitoki. Seva inasikia, inanyamaza. WireGuard imeundwa hivyo: pakiti isiyoiridhisha haijibiwi, ili anayepekua milango asijue kama kuna kitu. Kwa usalama ni sifa. Kwa fundi anayetafuta tatizo usiku ni mateso, kwa sababu funguo mbovu, saa mbovu na pakiti ya mwizi vyote vinaonekana sawa: kimya.

Ili iseme angalau neno moja, washa ujumbe wa kerneli kwenye seva:

`echo 'module wireguard +p' > /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control`

Kisha `dmesg -w`. Inatoka `Invalid handshake initiation`. Funguo ni zilezile za siku zote, kwa hiyo kilichobaki ndani ya pakiti ile ni muhuri wa wakati.

Kila pakiti ya kufungua mazungumzo hubeba muhuri wa TAI64N wa baiti 12. Seva hukumbuka muhuri mkubwa kuliko yote iliyowahi kuupokea kutoka kwa mwenzake huyo, na hukataa wowote usiouzidi. Ni kinga dhidi ya mtu anayerekodi pakiti ya zamani na kuirusha tena. Sasa Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimika ghafla, ikiwaka hutegemea fake-hwclock, programu inayoandika saa kwenye faili wakati wa kuzima kwa utaratibu, na kupitia cron.hourly, ambayo kwenye Debian hukimbia dakika ya 17 ya kila saa.

Piga hesabu. Saa iliandikwa 14:17. Handaki lilijadiliana upya mara ya mwisho 14:52, maana funguo hubadilishwa kila baada ya dakika mbili hivi trafiki ikiwepo. Umeme ukakatika 14:53, ukarudi saa kumi na mbili na nusu jioni. Pi inaamka ikiamini ni 14:17, inatuma muhuri wa 14:17, seva inakumbuka 14:52, inakataa. Kurekebisha saa kunahitaji NTP (kuuliza saa kwenye seva za mtandaoni), NTP inapita kwenye handaki kwa sababu ya 0.0.0.0/0, na handaki linasubiri saa. Baada ya dakika 35 saa ya Pi yenyewe inavuka 14:52, seva inakubali, NTP inapita, saa inaruka hadi jioni, na wewe unadhani laini imepata nafuu. Kuwasha upya wg0 kwenye seva kunaponya kwa sababu muhuri ule hukaa kwenye kumbukumbu tu na hufutika.

Kuthibitisha bila kusubiri umeme: kaa kwenye Pi yenyewe kwa kibodi, zima chrony (programu inayorekebisha saa kwa NTP), `date -s '40 minutes ago'`, halafu zima na kuwasha handaki kwa `wg-quick down wg0` na `up`. Inagoma palepale.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu. wg-quick huheshimu njia mahususi zilizomo kwenye jedwali kuu, hivyo anwani moja ya NTP inaweza kupita nje ya handaki:

`PreUp = ip route replace 162.159.200.1/32 via 192.168.8.1`

Hiyo ni anwani ya time.cloudflare.com, 192.168.8.1 ni ruta yangu, weka yako. Tumia namba, si jina, kwa sababu DNS nayo iko ndani ya handaki. `Endpoint` vilevile iwe namba. Kama umeweka iptables ya kuzuia kila kitu nje ya wg0, iruhusu anwani hii, la sivyo umerudi mwanzo.

Lakini NTP tupu haina uthibitisho. Mtu aliye njiani akikudanganya kwamba ni mwaka 2040, Pi itatuma muhuri wa 2040, seva itaukumbuka, na saa ikirudi sawa mihuri yako yote itakataliwa hadi Pi ifutwe kwenye orodha ya seva na kuongezwa upya. Chrony ina NTS, yaani NTP yenye uthibitisho, ila NTS inakagua vyeti, na vyeti vinahitaji saa sahihi. Kuna `nocerttimecheck 1` ya kuruka ukaguzi wa tarehe mara ya kwanza. Inafanya kazi, siipendi.

Kwa hiyo dawa ya pili: chipu ya saa, DS3231. Mkengeuko wake ni sehemu 2 kwa milioni, kama dakika moja kwa mwaka. Waya nne: VCC pini 1 (3.3V, siyo 5V), SDA pini 3, SCL pini 5, GND pini 9. Angalizo kwa bodi zilizoandikwa ZS-042: zina sakiti ya kuchaji iliyokusudiwa betri ya LIR2032. Ukiweka CR2032 ya kawaida na kuilisha 5V, unaichaji betri isiyochajika. Ng'oa ule ukinzani ulio karibu na diodi. CR2032 zipo kwa mafundi saa wa Ngamiani. Na lehemu waya moja kwa moja. Za kuchomeka zinashika kutu na hewa hii ya chumvi, halafu I2C, mawasiliano kati ya chipu na Pi, inaanza kupotea bila sababu.

Kwenye config.txt: `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`. `i2cdetect -y 1` ionyeshe UU kwenye 0x68. Ondoa fake-hwclock, na kwenye `/lib/udev/hwclock-set` zima mistari inayotoka mapema ikikuta `/run/systemd/system`. Bila hivyo chipu ipo, inasomeka, na mfumo unaipuuza. `hwclock -w` mara moja, na `rtcsync` kwenye chrony.conf.

Mtaniuliza kwa nini nisitumie Tailscale, huduma inayokujengea mahandaki ya WireGuard, yaishe. Ni nzuri na rahisi, ila orodha ya vifaa na funguo za umma inasimamiwa na seva za kampuni nyingine, na mradi huu umeanza kwa kukataa hilo hilo. Pi 5 ina saa ndani, ila betri unanunua mwenyewe.

Zamu hii ilikuwa ya restic, programu ya nakala rudufu, na nakala zenyewe. Zimesogezwa, maana nimeona moduli ya GPS ya NEO-6M ina pini ya PPS (mpigo mmoja kila sekunde), na `dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18` pamoja na `refclock PPS /dev/pps0`, na saa kamili ikisomwa kwenye ujumbe wa NMEA wa moduli hiyohiyo maana mpigo peke yake hausemi ni sekunde ipi, vinaweza kunipa saa ya setilaiti bila kuiamini NTP ya mtu yeyote. Antena itakaa dirishani. Kwanza nione kama bati la paa litaruhusu setilaiti nne.