Usiku wa Genichiro pale Majengo

Jumapili ya tarehe 9 Juni 2019 kibanda cha gemu cha Ami, pale Majengo, hakikufungwa mapema. Idi ilikuwa imepita siku chache tu, vijana bado wana pesa za sikukuu mfukoni, na saa tano usiku kwa saa zetu Microsoft walikuwa na onyesho lao kule Los Angeles, siku mbili kabla ya maonyesho makubwa ya gemu ya E3 kufunguliwa. Habari ilikuwa imeshavuja: FromSoftware, wale wa Dark Souls na Bloodborne, wanatengeneza gemu mpya na mwandishi George R. R. Martin. Tukakubaliana tusubiri pamoja, na katika kusubiri tumalize kazi iliyokuwa imekwama, yaani kumwangusha Genichiro Ashina juu ya ngome katika Sekiro: Shadows Die Twice.

Sekiro ilitoka 22 Machi mwaka huohuo. Unacheza shinobi mmoja, yaani ninja, aliyekatwa mkono wa kushoto, na aliyemkata ni huyuhuyu Genichiro mwanzoni kabisa mwa gemu. Ushinde usishinde pambano lile la kwanza, mkono unakwenda. Tofauti na Dark Souls, hapa huwezi kumwita mtu aje akusaidie, wala hukusanyi roho za kujiongezea ngazi mpaka bosi, yaani adui mkubwa, akawa mwepesi. Upanga mkuu ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kinachowashinda wengi ni kwamba wanapigania mstari usiostahili. Kila adui ana mistari miwili kwenye skrini: uhai na mkao, yaani uimara wake wa kusimama. Ukiujaza mkao wake, unapata pigo la kumalizia hata kama uhai bado upo. Mkao unajaa ukimshambulia bila kumpa nafasi na ukipangua mapigo yake, yaani kubonyeza L1, kitufe cha juu kushoto cha pedi ya PS4, hasa pale panga linapofika. Cheche za rangi ya machungwa zikiruka na mlio ukawa mkali, umepangua. Mlio ukiwa mzito, umekinga tu, na mkao wako ndio unaojaa. Anayewajua wachezaji wa kirumbizi, ngoma ya fimbo, ataelewa haraka: fimbo inapokewa kwa mdundo, na anayekimbia kimbia uwanjani ndiye anayechapwa.

Halafu kuna hili ambalo gemu haikuelezi vizuri: mkao wa adui hupona haraka uhai wake ukiwa umejaa, na hupona polepole uhai ukipungua. Kwa hiyo mwanzoni tafuta damu. Mkatie uhai mpaka nusu hivi, ndipo ushughulike na mkao. Wewe nawe, mkao wako ukikaribia kujaa, shikilia L1 bila kuachia. Unapona upesi kuliko kusimama mikono chini. Na hata ukijaa, ukipangua sawasawa hauvunjiki. Unavunjika ukikinga ovyo.

Haya yote tuliyajua usiku ule. Pedi ilikuwa mkononi mwa kijana mmoja wa Bondeni ambaye kwake nyumbani, kwenye kiskrini cha kompyuta, alikuwa anapangua karibu kila pigo. Pale kibandani, kwenye TV kubwa ya mbele, akawa anakula mapanga kama hajawahi kushika pedi. Anabonyeza, cheche haziruki. Anaharakisha, anakosea zaidi. Hapo ndipo wengi wanapoanza kubonyeza-bonyeza L1 kwa hofu, na Sekiro inawaadhibu kwa hilo makusudi: kadiri unavyorudia kubonyeza kwa haraka, ndivyo muda wa kupangua unavyofinyika.

"Ami, hii TV yako inalala," akasema.

"Inalala vipi, mwanangu, na juzi tu nimeitoa kwenye boksi?"

Upya wake ndio ulikuwa tatizo. TV nyingi hutoka dukani zimewekewa rangi za kung'aa ili zivutie mteja. Nyuma ya rangi hizo kuna kazi inafanyika: picha inanolewa, mwendo unalainishwa, kelele za picha, yaani chembechembe, zinasafishwa, na kila hatua inaishikilia picha kidogo kabla haijafika kwenye kioo. Kwa mpira wa Jumamosi hakuna atakayejua. Kwenye FIFA 19 mtu anazoea bila kujitambua, anapiga pasi mapema kidogo. Kwa Sekiro ukichelewa kidogo tu ndio kifo, na huwezi kuzoea kwa sababu mwendo wa picha wenyewe hautulii: PS4 ya kawaida haifikii fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde katika gemu hii, inapanda na kushuka.

Kupima ni rahisi. Kuna mtu ndani ya gemu anaitwa Hanbei, hafi, anakaa nje ya hekalu bovu na kazi yake ni kukufundisha. Ukimwambia mfanye zoezi la kupangua anakupiga mapigo yaleyale kwa mwendo uleule. Simu moja pale ilikuwa na kamera ya fremu 240 kwa sekunde. Ukiiweka mahali ambapo kidole na skrini vyote vinaonekana, unarekodi, kisha unasogeza video fremu moja moja: hesabu kuanzia kidole kilipoigusa L1 hadi upanga ulipoinuka kwenye kioo. Kila fremu moja ni milisekunde nne na kidogo. Tulipata kama 40, yaani karibu sehemu moja ya sita ya sekunde. Sehemu ya muda huo ni ya gemu na pedi, haiondoki. Iliyobaki ni ya TV.

Ami akatoa rimoti iliyofungwa karatasi ya nailoni. Kwenye menyu ya picha kuna hali ya gemu. Kwenye TV nyingine inajificha ndani ya mipangilio ya mlango wa HDMI, na nyingine huipati kabisa mpaka uupe mlango huo jina la PC. Usiamini kuichagua hali hiyo peke yake. Ingia tena uzime kulainisha mwendo na kupunguza kelele, maana baadhi ya TV huviacha vikifanya kazi. Tulipopima tena, fremu zilishuka hadi 26 hivi.

Pedi nayo ilikuwa na lake. L1 ilikuwa imelegea, wakati mwingine inashika, wakati mwingine haishiki. Kwenye pedi ya PS4 kitufe hicho kinakandamiza mpira, na mpira unagusa karatasi laini yenye mistari ya umeme. Kibandani pale ni jasho, vumbi na hewa ya chumvi, na karatasi ile huchafuka kabla ya kitu kingine chochote. Dawa yake ni kufungua skrubu nne za mgongoni, kutenganisha ganda taratibu maana kuna utepe mwembamba unaounganisha pande mbili, kisha kufuta mpira na karatasi kwa pamba yenye spiriti kidogo na kuacha vikauke kabisa. Wengi hukata utepe ule kwa haraka ya kuvuta. Usiku ule hatukuwa na muda, tukachukua pedi nyingine na kuichomeka kwa waya. Waya nao uwe wa kupitisha data. Nyaya nyingi za mitumba pale mtaani zinachaji tu, ukizichomeka pedi inaendelea kutumia bluetooth na wewe unadhani umefanya la maana. Na kwenye mipangilio ya PS4, upande wa vifaa na pedi, lazima uchague mawasiliano ya waya. Hata hivyo pedi za toleo la kwanza hazikubali. Zinazokubali utazijua kwa mwanga mwembamba unaoonekana juu ya kipapasio, ile sehemu ya kugusa katikati ya pedi.

Basi tukampandia Genichiro upya. Kabla ya kuingia, pesa zote za ndani ya gemu zilibadilishwa kuwa vifuko vya sarafu kwa mchuuzi, kwa kuwa ukifa unapoteza nusu ya pesa taslimu lakini vifuko havipotei. Raundi mbili za kwanza anavaa deraya. Usikae mbali naye: ukirudi nyuma kunywa dawa anakuchapa mshale. Mkaribie, piga mara mbili tatu, na upanga wake ukikutana na wako kwa mlio mkali, jua zamu yake imeanza, acha kupiga. Ana mfululizo mrefu wa mapigo ya haraka. Usihesabu, pangua kwa sikio. Akiruka juu na kushuka na upanga, tazama mkono. Alama nyekundu ya Kijapani itatokea, na kitakachofuata ni kuchoma au kufyeka chini. Akichoma, bonyeza O bila kuvuta kijiti nyuma, shinobi ataukanyaga upanga, na mkao wake unajaa kwa kishindo. Huo ni ujuzi wa Mikiri, nao unanunuliwa, hauji wenyewe. Akifyeka, ruka, na ukiwa hewani bonyeza X tena umkanyage kichwa. Fataki za mkono wa bandia aliowekewa shinobi zinamduwaza sekunde chache, lakini usizimalize mapema.

Raundi ya tatu anavua deraya na kuita radi. Hapa watu hukimbia, na kukimbia hakusaidii. Ruka kabla radi haijakufika, ikupate ukiwa hewani, na kabla miguu haijagusa chini bonyeza R1. Radi inarudi kwake na anaganda. Ukitua nayo, inakulipukia wewe. Kijana wa Bondeni aliirudisha mara ya kwanza mapema mno, upanga ukakata hewa tupu. Ya pili ikampata Genichiro kifuani, na kelele zilizotoka mle ndani zilimleta muuza kahawa mlangoni na birika lake kuuliza nani kafunga bao.

Saa tano ikakuta simu tatu zimeegemezwa kwenye chupa za soda. Mwigizaji Keanu Reeves alitokea jukwaani kutangaza kwamba gemu ya Cyberpunk 2077 ingetoka 16 Aprili 2020. Kelele nyingi, na gemu yenyewe ikatoka 10 Desemba. Kisha Elden Ring, ile gemu ya FromSoftware na Martin tuliyoisubiri: mkono unaokusanywa vipande, nyundo, pete ikivunjwa, sauti ya kutisha. Sekunde hata moja ya mchezo wenyewe haikuonyeshwa.

Mabishano yalidumu kuliko onyesho. Wengine walitaka upanguaji wa Sekiro uingie humo wote kama ulivyo, wengine walitaka silaha nyingi na watu wa kusaidiana kama Dark Souls. Mimi nilishikilia, na bado nashikilia, kwamba video isiyoonyesha mtu akicheza haisemi lolote juu ya gemu. Inasema tu kwamba kampuni ina wachoraji wazuri. Mchezo wenyewe ulikuja kuonyeshwa 10 Juni 2021, miaka miwili baadaye, ukiwa na tarehe ya 21 Januari 2022, ambayo nayo ikasogezwa hadi 25 Februari. Ilipofika, mkao ulikuwemo ila umefichwa usiuone, kuruka kulikuwemo, na badala ya kupangua kwa upanga mtu alipewa pigo la kujibu baada ya kukinga: kinga, kisha R2. Kitu kilichokaribia Sekiro kilikuja 2024 ndani ya Shadow of the Erdtree, nyongeza ya Elden Ring: chozi moja la kuchanganya kwenye chupa ya dawa, linalofanya kinga ya wakati wake iwe na thamani. Kusimamisha mchezo katikati ya pambano, jambo ambalo Sekiro inaruhusu na kibandani linafaa sana adhana ikilia au mteja akiitwa nyumbani, Elden Ring haina.

Siku ya pili wachezaji wa FIFA walifika wakalalamika kwamba nyasi za uwanja zimepauka. Ami akachukua rimoti, akaurudisha ule mng'aro wa dukani, na Sekiro ikahamishiwa kwenye TV ndogo ya pembeni, ambayo haikuwa na cha kuchelewesha kwa sababu haikuwa na lolote la kupamba.