Usiiache kero yako kwenye "mengineyo"

Mpangilio wa mkutano wa kijiji hapa Tanzania unajulikana: kufungua, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo (yaani maazimio ya kikao kilichopita yamefikia wapi), mapato na matumizi, ajenda za siku, mwisho mengineyo. Na kero nyingi za wananchi huibuka huko mwisho. Saa nane mchana, jua kali, akina mama wameshaanza kuondoka, mtu anasimama kusema bomba halitoi maji. Mwenyekiti anajibu, "Tumelipokea." Basi, limeishia hapo. Halikuwekewa azimio, kwa hiyo kikao kijacho halitaonekana kwenye yatokanayo, na hakuna atakayebanwa kulijibu.

Kazi yote ni kuitoa kero huko na kuifanya ajenda. Ajenda za mkutano mkuu hupita kwanza kwenye halmashauri ya kijiji, ile yenye wajumbe 15 hadi 25, wakiwemo wenyeviti wa vitongoji. Halmashauri inatakiwa kukaa kila mwezi. Mkutano mkuu, ambao ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, kila miezi mitatu. Kwa hiyo barua yako iwahi kikao cha halmashauri. Wengi huipeleka tangazo la mkutano mkuu likiwa tayari limebandikwa, na wakati huo ajenda zimeshapangwa.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Iende kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, maana ndiye katibu wa vikao vyote viwili na mafaili yako kwake, ipitie kwa mwenyekiti wa kitongoji naye asaini. Kichwa kitaje jambo moja na mahali pake. "YAH: KERO YA MAJI" hakimsaidii mtu, "YAH: KITUO CHA MAJI CHA SHULENI KUTOTOA MAJI TANGU TAREHE 3 MACHI" kinajitosheleza. Ndani eleza kaya ngapi zinaathirika, wanachota wapi kwa sasa, nani alishaarifiwa na lini, na mnaomba nini hasa. Wakuu wa kaya kumi wakiweka majina na saini, barua haitaitwa tena malalamiko ya mtu mmoja mkorofi. Toa nakala mbili: moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, barua "haijaonekana".

Ila kabla ya kuandika, jua kero yako ni ya nani. Hapa ndipo vijiji hupoteza miezi. Maji ya mradi yanaendeshwa na jumuiya ya watumia maji, chini ya uangalizi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Halmashauri ya kijiji inaweza kuwaita viongozi wa jumuiya waeleze fedha za maji zimekwenda wapi na fundi anakuja lini, lakini yenyewe hainunui pampu. Barabara iliyo kwenye mtandao wa wilaya ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Kijiji kinaweza kuitisha msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuzibua mitaro na kufyeka, lakini kalavati lililobomoka litabaki hivyo hadi barua ipande wilayani. Iambatanishwe na picha, na itaje jina la barabara na mahali palipoharibika.

Mifugo ikila mazao, haraka ni muhimu kuliko hasira. Mwenye shamba atoe taarifa kwa mtendaji siku hiyohiyo, na afisa ugani afike kufanya tathmini ya kimaandishi: eneo lililoliwa, zao, hatua ya ukuaji. Kosa la kawaida ni kung'oa mabua na kupanda upya kabla ya tathmini. Ushahidi umekwenda, yanabaki maneno ya mkulima dhidi ya ya mfugaji.

Mgogoro wa mpaka usiupeleke kwenye mkutano wa hadhara kabisa. Mbele ya umati hakuna anayekubali kurudi nyuma hata hatua moja. Upeleke Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa liandike kwamba limeshindwa, kwa sababu utakapopanda ngazi karatasi hiyo utaihitaji.

Mkutanoni, mjadala ukiisha simama uombe azimio lisomwe kabla hamjahamia ajenda nyingine. Azimio la kweli lina nani, nini na lini: "Mtendaji amwandikie meneja wa maji wa wilaya ndani ya siku saba na alete majibu kikao kijacho." "Uongozi ulifuatilie suala hili" si azimio. Kikao kinachofuata, usianze upya kulalamika. Subiri yatokanayo, uliza tarehe ya barua na jibu lake.

Kwenye mapato na matumizi, swali zuri ni fupi. Salio la kuanzia lilikuwa kiasi gani, michango iliingia kiasi gani, stakabadhi ziko wapi, benki kuna kiasi gani leo? "Mmekula hela zetu" huleta makofi, kisha kikao kinavunjika na hesabu hazisomwi.

Jambo linalohitaji bajeti, kama darasa au zahanati, lina kalenda yake. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini vipaumbele hukusanywa miezi mingi kabla na kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, chini ya diwani. Ukilileta Mei, hesabu kwamba ni la mwaka unaofuata.

Na kama mikutano haiitishwi kabisa, kumbuka mwenyekiti amechaguliwa ila mtendaji ameajiriwa, kwa hiyo ana wakubwa wa kumuuliza. Mwandikie mtendaji wa kata, nakala kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri ya wilaya, utaje tarehe ya mkutano mkuu wa mwisho na uambatanishe ile nakala yenye muhuri.