Kutu iliyokuwa ikirudi kwenye 504 ya mzee

Mara mbili nilikwangua sakafu ya Peugeot 504 ya mzee nikapaka rangi, na mara mbili kutu ikarudi palepale, chini ya zulia upande wa dereva. Gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1975; letu likashindwa na kipande cha mpira. Nilimwagia maji kioo cha mbele, kijana wangu akiwa amelala chini ya dashibodi na tochi. "Baba, yanaingia hapa!" Mpira wa kioo ulikuwa umepasuka konani. Nikabadilisha mpira kwanza, ndipo nikatoa betri, nikakata bati bovu mpaka penye chuma kizima, nikachomelea jingine na kupaka rangi ya kuzuia kutu juu na chini. Masika yamepita, zulia kavu.