Ubeti kwenye jukwaa namba mbili

Stesheni yetu haina mfanyakazi hata mmoja. Kuna majukwaa mawili, mashine ya tiketi na kibanda cha kujikinga mvua, basi. Mji wenyewe ni mdogo, kati ya Leeds na Manchester. Maua na rangi ya mabenchi ni kazi ya wazee wastaafu wanaojitolea kila Jumamosi. Nilijiunga nao kwa sababu ya upweke, wala sioni haya kusema.

Siku moja wakaamua kubandika mashairi ukutani. Si jambo geni Uingereza. Treni za chini ya ardhi za London zina mashairi ndani ya mabehewa tangu 1986, na aliyelianzisha ni Judith Chernaik, mwandishi mzaliwa wa Marekani. Mgeni kama mimi, nikajisemea moyoni.

Wazee wetu wao hawachoki kusimulia habari za Adlestrop. Mwezi Juni 1914 treni ilisimama kidogo kwenye stesheni hiyo ya kijijini, na ndani alikuwemo Edward Thomas, aliyekuja kulitungia shairi fupi tukio hilo. Stesheni ilifungwa 1966, lakini kibao chake kimehifadhiwa kwenye kibanda cha basi pale kijijini, pamoja na shairi. Nimelisoma. Hakuna anayepanda, hakuna anayeshuka, ndege wanaimba. Fumbo hamna, mawaidha hamna. Kwetu Tanga mtu angeuliza, "Sasa huyu malenga alitaka kutuambia nini?" Mimi lilinikaa kichwani wiki nzima.

Wakaniomba nilete la lugha yangu. Nikatunga ubeti mmoja, mizani kumi na sita kila mshororo, kama babu alivyonifundisha kwa kuhesabu vidole:

Nimesimama stesheni, na baridi yanichoma,
Garimoshi li njiani, sauti yake yavuma,
Nakumbuka kwetu pwani, mawimbi yanayohema,
Tuonane safarini, kwa heri na kwa salama.

(Garimoshi lenyewe halina moshi wa kutajika, lakini "treni" ingenipunguzia mizani mbili.)

Bango la kwanza lilirudi kutoka kwa mchapaji likisomeka "kwetu pawn". Kompyuta yake ilijiona inajua zaidi. Waingereza wakasema haidhuru, herufi mbili tu zimepishana na moja imedondoka. Haidhuru vipi? Kina kimekatika, na mizani imepungua! Babu alikuwa akipeleka tungo zake gazetini, na siku moja mhariri alipomchapa vibaya alinuna mpaka Idi. Likachapwa upya.

Chini yake niliweka maana kwa Kiingereza, bila vina, maana vina havikukubali kuvuka bahari. Mama anayesimamia maua akalisoma, akanitazama kwa huruma. "Mbona la huzuni hivyo?" Nikamwambia si la huzuni. Kwa heri si kilio, ni kumtakia mtu heri aendako. Kwetu unaweza kumwambia hata anayekwenda sokoni. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza inavyotamkwa. Sasa kila Jumamosi akiondoka na ndoo yake ananiambia "kwaheli", na mimi simsahihishi.

Mwezi uliopita nilikuta jukwaani mama wa Kikongo na mwanawe wa miaka saba hivi. Mtoto ananyoosha kidole kwenye bango, mama anasoma kwa sauti, polepole, akirudia. Nikasogea, nikamwamkia, nikajitaja kuwa ndiye mtunzi. Nilitarajia pongezi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Ni Kiswahili bora hiki, kile cha shule. Lakini garimoshi ni nini? Sisi tunasema treni."

Nikaanza kumweleza habari ya mizani. Nilikuwa kwenye kidole cha tano treni ilipoingia, mtoto akamvuta mkono, wakapanda. Kupitia kioo nikamwona mtoto anahesabu vidole vyake.